Al-Jahidh wa Basra na Bei ya Yai la Njiwa

Wengi katika sisi tuliokaa chuoni na kuonja kidogo nahau na fasihi ya Kiarabu tumelisikia jina la Al-Jahidh. Tumesikia kuwa alikuwa na macho yaliyotokeza, kuwa alitunga vitabu kupita kiasi, na kuwa mwisho wake aliangukiwa na vitabu vyake mwenyewe akafa. Hayo ndiyo yasimuliwayo barazani, na mtu akishayasikia hudhani amekwisha kumjua. Lakini Al-Jahidh ninayetaka kuwaeleza wasomaji leo ni mwingine kidogo. Ni yule mtoto wa sokoni, mchuuzi wa samaki, aliyeingia katika elimu na shombo lingali mikononi, na ambaye hata alipokaa na mawaziri hakuacha kuuliza kwa nini kitu hiki kinauzwa kwa bei hii na si nyingine. Sijui mwanachuoni mwingine wa zama zile aliyeiangalia kwa jicho kali kama lake biashara ya wanyama wafugwao kwa mapenzi: njiwa wa nasaba, na hata nyoka.

Jina lake hasa ni Abu Uthman Amr bin Bahr. Al-Jahidh ni lakabu ya macho yale. Alizaliwa Basra yapata mwaka 160 wa Hijra, ndiyo 776 ya Miladi, katika ukoo wa mawali wa Banu Kinana. Wapokezi wamesema babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia wa bwana mmoja wa kabila lile. Mali hawakuwa nayo. Amr alipokuwa kijana alionekana akiuza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan, mmojawapo wa mifereji iliyokuwa ikiupitia mji.

Kwetu sisi watu wa pwani jambo hili halina haja ya kufafanuliwa. Muuza samaki hana nafasi ya kubishana na jua. Asubuhi alicho nacho ni mali, jioni ni shombo tu. Siku mashua zikirudi tupu, changu mmoja hugombaniwa. Siku zikirudi zimejaa, wanawake hupita wakikunja pua na kutaja bei ya kejeli, na mchuuzi huipokea. Aliyelelewa katika hali hiyo hahitaji kufunzwa na mwalimu kuwa bei haikai ndani ya samaki.

Na samaki wa Basra walikuwa na safari zao. Baadaye, katika kitabu chake kikubwa cha wanyama, Al-Jahidh aliandika juu ya samaki waingiao mto wa Dijla kwa nyakati zao maalumu, kila mwaka, wakifuata maji matamu, kisha wakarejea baharini. Mmoja wao alimwita barastuji, na akasimulia kutoka kwa mabaharia kuwa samaki huyo hutoka bahari ya Zanji, yaani bahari yetu hii. Kama mabaharia wale walisema kweli, basi huenda yule mtoto wa Sayhan aliwahi kuuza samaki aliyepita mbele ya Pate na Lamu kabla ya kufika kwake.

Kiko kisa kisimuliwacho juu ya ujana wake. Mama yake, aliyekuwa akimlisha, alichoka kumwona ameinamia madaftari na nyumba haina kitu. Siku moja akaomba chakula, mama akamletea sinia iliyojaa madaftari, akamwambia hicho ndicho anachokichuma. Kijana akatoka kwa majonzi, akaenda kuketi msikitini. Hapo akakutana na tajiri mmoja, Muways bin Imran, aliyemwona ameghumiwa. Alipokwisha kujua sababu, akamchukua kwake, akampa dinari 50. Amr akaingia sokoni, akanunua unga na mahitaji mengine, akarudi na wapagazi. Mama akashangaa na kuuliza mali ile imetoka wapi. Akajibiwa kuwa imetoka katika madaftari yale aliyoyaweka siniani. Kikiwa kweli au kimetiwa chumvi, kisa hiki kimewekwa mahali pake hasa, maana maisha ya mtu huyu yote yatakuja kuwa ni ya kupimiwa karatasi kwa dhahabu.

Masomo yake yalikuwa na milango mingi. Lugha aliipokea kwa mabingwa wa Basra, Al-Asmai, Abu Ubayda na Abu Zayd Al-Ansari. Elimu ya kalamu aliichukua kwa An-Nadhdham, na kwa hiyo akawa Muutazila. Katika itikadi hiyo sisi hatumfuati, wala sitaki msomaji afikiri ninampamba kwa hilo. Lakini alikuwa na chuo kingine pia, nacho ni Mirbad, soko la ngamia lililokuwa ukingoni mwa mji, upande wa jangwani. Mabedui walikuja pale na ngamia wao, na washairi wakaja na mashairi yao. Al-Jahidh alijifunza Kiarabu safi mahali ambapo watu walikuwa wakifungua vinywa vya ngamia na kutazama meno.

Vitabu havikuwa rahisi kununuliwa wakati ule. Wamesema kuwa alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu usiku, akalala humo ili asome. Mwenye duka alifunga biashara yake jioni akapata ujira wa usiku juu yake, na mpangaji asubuhi alitoka hana alichokichukua mkononi.

Yapata mwaka 200 wa Hijra, ndiyo 815 au 816, maandishi yake juu ya uimamu yalimfikia Khalifa Al-Maamun, yakampendeza. Hapo mlango wa Baghdad ukafunguka. Alipewa kazi katika diwani ya waandishi wa serikali, akakaa siku tatu, akaomba kuachiliwa. Tangu hapo aliishi kwa kalamu yake, akienda na kurudi baina ya Basra na miji ya makhalifa, mpaka akawa na vitabu na risala zipatazo 200 na zaidi.

Sasa tuje kwenye njiwa.

Ufugaji wa njiwa katika Iraq ya Bani Abbas haukuwa mchezo wa watoto. Msomaji aliyepitia elimu ya hadithi atakumbuka kisa cha Ghiyath bin Ibrahim. Khalifa Al-Mahdi, aliyetawala toka 158 hadi 169, alipenda njiwa. Ghiyath akaingia kwake akamkuta nao. Iko hadithi maarufu juu ya mashindano yanayoruhusiwa kuwekewa dau, ambayo ni ya ngamia, farasi na mishale. Ghiyath akaisoma, akaongeza ndani yake neno la mbawa ili kumfurahisha mkubwa. Khalifa akampa dirhamu 10,000. Alipotoka, akasema kuwa mtu yule amemzulia Mtume, akaamuru njiwa wachinjwe. Walimu wetu hukisoma kisa hiki katika mlango wa hadithi za kuzua, na ndio mahali pake. Lakini mimi kila nikikisikia huwafikiria pia watu waliokuwa wakimletea njiwa khalifa yule, na vizimba vyao vilivyojaa makinda ya kupeleka ikulu siku ile. Al-Jahidh alizaliwa katika utawala huo huo.

Mapenzi ya njiwa hayakufa pamoja na njiwa wa Al-Mahdi. Al-Jahidh alipokuwa mtu mzima, Basra ilikuwa na mabingwa wake. Amemtaja Muthanna bin Zuhayr kuwa ndiye imamu wa watu wa Basra katika njiwa, mjuzi wa kumtambua ndege kwa kumtazama, mjuzi wa kumtibu na kumlea. Al-Jahidh alimsikiliza mtu huyu kama alivyomsikiliza Al-Asmai katika lugha, na habari zake akaziandika kwa jina lake.

Njiwa waliotafutwa ni wale warejeao nyumbani. Mfugaji humzoeza ndege wake hatua kwa hatua: leo humwachia karibu, kesho mbali kidogo, mpaka afike mahali pa mwisho palipokusudiwa, safari ya siku nyingi kwa mtu. Hapo ndipo wengi hupotea. Kipanga yuko njiani, mvua iko, kiu iko, mwindaji yuko. Wachache hurudi. Na huyo mmoja anayetua juu ya dari ya bwana wake akitoka mwisho wa safari ile, bei yake, kwa mujibu wa Al-Jahidh, hufika dinari 500.

Dinari moja ya halali ilikuwa na dhahabu ya gramu 4 na robo. Dinari 500 basi ni zaidi ya kilo mbili za dhahabu kwa ndege anayetosha mchuzi wa mtu mmoja! Al-Jahidh mwenyewe aliona ajabu. Alipitisha macho katika wanyama wote wa sokoni, kozi na tai, tausi na jogoo, ngamia, punda na nyumbu, akasema hapana katika hao anayefika hapo. Hata farasi wa thamani hiyo, asema, husikika tu katika hadithi za usiku, lakini bei ya njiwa mtu aweza kwenda kuiulizia mwenyewe Baghdad na Basra na kuambiwa bila taabu. Maneno haya ya mwisho yananipendeza sana. Ni maneno ya mtu aliyekwenda kuuliza.

Kisha akashuka katika hesabu. Njiwa akirudi kutoka mwisho wa safari, kinda lake la kiume huuzwa dinari 20 au zaidi, na la kike dinari 10 au zaidi, na yai lake dinari 5. Njiwa hutaga mayai mawili kila mara, na hutaga mara kadha kwa mwaka. Tukisema kinda moja ni dume na jingine jike, mfugaji huyo ana dinari 30 kila kutamia kunapokwisha salama. Ndiyo maana Al-Jahidh akasema kuwa jozi moja ya njiwa hao ni sawa na shamba la kuzalisha. Watu walilisha wake na watoto kwa njiwa, wakalipa madeni, wakajenga majumba na kununua maduka ya kupangisha.

Tazama yai lile. Juzi lilikuwa yai la njiwa kama mayai mengine, na mama wa nyumba akilikuta amelivunja mwenye kizimba hakugombana naye sana. Leo baba yake ametua juu ya dari akitoka mbali, na yai ni gramu 21 za dhahabu. Ndani yake hapana kilichobadilika. Kilichobadilika ni habari.

Na habari hizo ziliandikwa. Wafugaji walikuwa na madiwani ya nasaba za njiwa, nani kazaliwa na nani, na Al-Jahidh amedai kuwa yaliyomo humo yalizidi vitabu vya nasaba za Waarabu vilivyonasibishwa kwa Ibn Al-Kalbi na wenziwe. Msomaji asicheke. Mnunuzi hawezi kulitazama kinda lisilo na manyoya akajua babu yake alirudi kutoka wapi. Hununua neno la muuzaji. Pasipokuwa na daftari la kuaminiwa, dinari 20 huwa ni kamari. Njiwa walikuwa wa namna namna: aliyenasibishwa, ambaye asili yake imeandikwa, asiyejulikana, ambaye hana aliyemwandika, na yule waliyemwita khariji, asiye na ukoo wa kutajwa lakini amekwenda na amerudi, akajipa jina kwa bawa lake. Mjukuu wa mchunga ngamia alipokuwa akiliandika neno hilo sijui kama hakutabasamu.

Mwenye akili ya biashara atauliza: ikiwa yai ni dinari 5, kwa nini Basra nzima isitamie mayai mpaka bei ianguke? Hapa nasema kwa rai yangu. Kinda lilinunuliwa kwa jina la baba, lakini likikua lazima nalo lipelekwe mwisho wa safari. Likipotea, mwenyewe amepoteza dinari zake. Likikaa kizimbani bila kurushwa, nasaba yake huchakaa kama nguo isiyovaliwa. Kila kizazi kililazimika kulipa kodi kwa kipanga na mvua, na kodi hiyo ndiyo iliyozuia soko lisifurike.

Linganisha na soko jingine, la siku zetu. Huko Marekani na Ulaya wako watu wafugao nyoka majumbani kama sisi tufugavyo paka. Wanayempenda sana ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, wa nchi za Ghana, Togo na Benin, kwa kuwa ni mpole na hujikunja duara akiogopa. Rangi yake ya asili ni madoa ya kahawia na meusi. Mara moja moja hutokea mweupe mwenye manjano na macho mekundu, na katika miaka ya 1990 wafugaji walifaulu kumzalisha kizimbani. Mwanzoni kinda moja liliuzwa kwa maelfu ya dola. Watu wakaona hapa pana shamba kama lile la Al-Jahidh. Wakanunua jozi, wakatamisha, wakauza makinda kwa wengine waliotaka nao kununua jozi. Kwa miaka michache kila aliyeuza alimuuzia mtu mwenye nia ya kuuza. Weupe ule lakini hauna safari ya kuuthibitisha. Mzazi anao, mtoto anao, mjukuu anao, na wote ni sawa. Vizimba vikajaa, bei ikashuka mwaka hata mwaka, na leo chatu yule hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei ile ya kwanza. Wafugaji wakakimbilia kuchanganya rangi nyingine, na kila rangi mpya ikapita njia ile ile, juu kisha chini.

Nyoka nao hawakumkosa Al-Jahidh. Aliwakalisha wacheza nyoka na kuwahoji juu ya meno, sumu na hila zao, wala hakuona haya kuyaweka maneno yao kando ya maneno ya Aristotle. Ameeleza pia biashara ya moma, nyoka mfupi mnene mwenye sumu kali, waliokuwa wakitoka Sijistan, nchi ambayo leo imegawanyika baina ya Iran na Afghanistan. Watu wa huko walifanya kazi ya kuwakamata na kuwauza, kwa sababu matabibu walihitaji nyama yake kutengeneza tiriaki, dawa ya sumu iliyorithiwa kwa Wayunani. Wenye kuitaka sana ni wakubwa, ambao kila sahani waliyowekewa waliitilia shaka. Kwa hiyo hofu ya mfalme mbele ya chakula chake ilimpa riziki mkamata nyoka wa jangwani. Na ajabu ya Sijistan ni kuwa wanahistoria wamepokea kuwa watu wake, nchi ilipofunguliwa na Waislamu, walishurutisha kuwa kalunguyeye wasiuawe, kwa kuwa ndio walao nyoka. Mkulima alitaka nyoka wapungue, mkamata nyoka aliwahitaji wawe wengi, na wote wawili ni watu wa nchi moja.

Kisa chake na nyoka wa vichwa viwili lazima nikitaje. Alikuta kwa Aristotle habari ya nyoka wa namna hiyo. Akamuuliza bedui mmoja, naye akasema ni kweli kabisa. Al-Jahidh akataka kujua nyoka huyo huenda upande wa kichwa kipi, na hula kwa kinywa kipi. Bedui hakutatizika. Akamwambia haendi mbele, bali hubiringika kama watoto wabiringikavyo mchangani. Na kula, hula cha mchana kwa kinywa kimoja na cha usiku kwa kingine. Ama kuuma, huuma kwa vyote viwili. Al-Jahidh akahitimisha kuwa amempata mwongo asiye na kifani. Leo tunajua kuwa nyoka wa vichwa viwili huzaliwa kweli, kwa nadra sana, kama pacha walioshindwa kuachana, na wapenda nyoka humtolea fedha nyingi akipatikana. Bedui alikuwa mwongo katika jambo la kweli. Lakini njia ya Al-Jahidh ndiyo njia ya mnunuzi mwerevu: usibishane na muuzaji juu ya ajabu yake, muulize inakulaje.

Naye mwenyewe alikuwa na soko lake. Kitab al-Hayawan, ndicho hicho kitabu cha wanyama, alimpelekea waziri Ibn Az-Zayyat, akapewa dinari 5,000. Kitabu chake cha ufasaha, Al-Bayan wat-Tabyin, alimpa kadhi mkuu Ibn Abi Duad, akapewa 5,000. Kitabu cha mimea na mitende alimpa Ibrahim bin Al-Abbas As-Suli, akapewa 5,000. Ndivyo walivyopokea waandishi wa tarjama zake. Ukipima kwa mizani yake mwenyewe, juzuu saba za Kitab al-Hayawan zilikwenda kwa bei ya njiwa kumi.

Wanunuzi wa namna hii ni wachache, na mwandishi akimtegemea mmoja huanguka naye. Ibn Az-Zayyat alikuwa amejitengenezea tanuri ya misumari ya kuwaadhibia watu. Mwaka 233, ndiyo 847, Khalifa Al-Mutawakkil alimkamata na kumtia ndani ya tanuri yake hiyo hiyo, akafa. Al-Jahidh akakimbia. Alipoulizwa kwa nini, alieleza kwa mzaha kuwa aliogopa asije akawa wa pili katika tanuri. Akaletwa kwa Ibn Abi Duad, adui wa rafiki yake, na minyororo mwilini. Kadhi akamlaumu, kisha ulimi wa mfungwa ukafanya kazi yake, akafunguliwa, akavishwa nguo njema na kukalishwa mbele. Mtu yule yule, asubuhi mhalifu, jioni mgeni wa heshima.

Al-Mutawakkil naye aliwahi kumwita ili awafundishe watoto wake. Alipomwona uso, akaona hafai kukaa na watoto, akampa dirhamu 10,000 aende zake. Al-Jahidh alikisimulia kisa hiki mwenyewe, bila ya kujificha. Dirhamu ni fedha, si dhahabu. Hata hivyo sijui mwalimu mwingine aliyelipwa kiasi hicho kwa kutofundisha.

Kiko kitabu kidogo kinachonasibishwa kwake juu ya biashara, kinachoeleza namna ya kutambua vito, manukato na nguo, na ndani yake mna maana ya kuwa kitu huwa rahisi kikiwapo na ghali kikikosekana huku watu wanakihitaji. Wako wanavyuoni wasemao si chake. Nami sishikilii, maana yaliyo yake bila shaka yanatosha.

Lakini hatuwezi kuzungumza juu ya masoko ya Basra tukanyamaza juu ya lile lililowauza watu. Al-Jahidh aliandika risala juu ya fahari ya weusi mbele ya weupe, na humo ameweka hoja inayotuhusu sisi wa pwani hii. Wazanji, asema, ni mafungu mawili, Kanbalu na Lunjuya, kama Waarabu walivyo Kahtani na Adnani. Lunjuya ni Unguja, na Kanbalu wanavyuoni wengi huiweka Pemba. Kisha akawafanya Wazanji waseme kuwa watu wa Basra hawajamwona hata mmoja wa Lunjuya. Waliowaona ni mateka waliochukuliwa kando ya bandari ambako majahazi yao hutia nanga, wakaujengea umma mzima hukumu kwa hao. Kwa wanyonge wa Kanbalu hakuwa na maneno mazuri, na hilo siwezi kumtetea. Lakini hoja yenyewe ni ya mtu wa sokoni: usihukumu bahari kwa kile kilichoangukia wavu wa mvuvi mmoja.

Uzeeni alirudi Basra. Nusu ya mwili ilipooza na jongo likamshika mguu, na wageni waliokuja kumwona walimkuta bado ana ulimi wake. Mlezi wake wa mwisho mkubwa, Al-Fath bin Khakan, alikuwa ameuawa pamoja na Al-Mutawakkil mwaka 247, ndiyo 861. Yeye akafariki Muharram mwaka 255, mwisho wa 868 au mwanzo wa 869, na umri wake kwa hesabu ya mwezi ulikaribia miaka 95. Kisa cha kuangukiwa na vitabu kimeenea, na msomaji akipenda akichukue. Rehema za Mwenyezi Mungu zimshukie.

Katika Ramadhani ya mwaka ule ule, miezi michache baada ya maziko yake, watumwa walioitwa Wazanji, waliokuwa wakikwangua ardhi ya chumvi nje ya Basra, waliinuka nyuma ya Ali bin Muhammad. Vita vikadumu miaka 14. Mwaka 257, ndiyo 871, waliingia Basra wakaua na kuchoma. Kitab al-Hayawan kilisalimika. Anayetaka kuiona bei ya yai la njiwa kwa macho yake na atafute chapa ya Cairo iliyohakikiwa na Abd as-Salam Harun, juzuu ya tatu.